Mgogoro wa likizo: Daftari na usuluhishi ni nafuu kuliko kesi

MVUA za kwanza zinapoanza kunyesha, mambo mawili hutokea kwa wakati mmoja vijijini na katika miji midogo ya Tanzania. Mwenye shamba kubwa huhitaji watu wengi kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka, na watu hao hao huomba ruhusa ya kwenda kwao kulima. Mvua haimsubiri tajiri wala maskini.

Hapo ndipo migogoro mingi ya likizo huanzia. Mwajiri husema kazi ni nyingi, subiri kwanza. Mfanyakazi husubiri, msimu unapita, na mwaka unaofuata anasubiri tena. Siku wanapoachana, deni la likizo hutolewa mezani likiwa limechanganyika na hasira, na kila upande una hesabu yake kichwani.

Kwa kampuni kubwa yenye ofisi ya utumishi na mwanasheria, jambo hilo ni la kawaida. Kwa mkulima mwenye vibarua sita, mwenye mashine ya kukoboa au mwenye duka la pembejeo, shauri moja la likizo linaweza kumeza faida ya wiki nzima. Kwa mfanyakazi wake, linaweza kumeza fedha zile zile anazozidai.

Ndiyo maana sheria ya kazi ya Tanzania Bara imeweka usuluhishi mbele ya hukumu. Hata hivyo, usuluhishi hauna miujiza. Unamfaa anayefika mapema, na anayefika na kumbukumbu za kazi mkononi.

Sheria inasema nini

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya mwaka 2004, inampa mfanyakazi likizo ya mwaka isiyopungua siku 28 mfululizo kwa kila mzunguko wa miezi 12. Neno "mfululizo" lina uzito wake. Jumapili na sikukuu zinazoangukia ndani ya siku hizo zinahesabiwa humo humo.

Kwa mtu anayefanya kazi siku sita kwa wiki, siku 28 mfululizo ni siku 24 za kazi na Jumapili nne. Baadhi ya ugomvi ungekwisha hapo hapo kama pande mbili zingeelewa tofauti hiyo. Mfanyakazi hudai siku 28 za kazi, mwajiri humwandikia 24, na kila mmoja huamini kwamba mwenzake anamdhulumu.

Jambo la pili ni nani anayepanga tarehe. Sheria inamruhusu mwajiri kupanga likizo itakuwa lini, mradi itolewe kabla ya kupita miezi sita tangu mzunguko ulipomalizika. Muda huo unaweza kufika miezi 12, lakini ni pale tu mfanyakazi anapokubali na mahitaji ya kazi yanapolazimisha. Aidha, malipo ya siku za likizo hutakiwa kutolewa kabla likizo haijaanza, si baada ya mtu kurudi.

Kuhusu kile kinachoitwa mitaani "kuuza likizo", sheria iliyorekebishwa inakiruhusu kwa ridhaa ya mfanyakazi. Mwajiri humlipa mshahara wa mwezi mmoja badala ya likizo, lakini mtu asifanyishwe kazi hivyo miaka miwili mfululizo. Kwa maneno mengine, mwenye duka anayemlipa msaidizi wake kila mwaka ili asiondoke anajiwekea mgogoro akiba.

Zipo pia likizo nyingine ambazo hazipaswi kukatwa kwenye zile siku 28. Likizo ya ugonjwa ni siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, nusu ya kwanza kwa mshahara kamili na nusu ya pili kwa nusu mshahara. Likizo ya uzazi ni siku 84, au 100 kwa mama aliyejifungua zaidi ya mtoto mmoja, na mwaka 2025 Bunge lilipitisha marekebisho yanayomwongezea muda mama aliyejifungua mtoto njiti.

Wa msimu naye ana haki

Eneo ambalo wakulima na wafanyabiashara wa mazao hukosea zaidi ni la wafanyakazi wa msimu. Imezoeleka kwamba mtu aliyeajiriwa kuvuna kahawa, kupanga madaraja ya tumbaku au kupakia pamba hana likizo kwa sababu hafikishi mwaka.

Sheria inasema vingine. Ni kweli kwamba mfanyakazi mwenye utumishi wa chini ya miezi sita kwa kawaida hapati likizo yenye malipo. Lakini wa msimu ametengwa na kanuni hiyo, na anastahili malipo ya likizo msimu unapokwisha. Vile vile, anayerudi kwa mwajiri yule yule zaidi ya mara moja katika mwaka huingia kwenye haki hiyo iwapo jumla ya muda wake inazidi miezi sita.

Hesabu yake ni nyepesi: mshahara wa msingi wa siku moja kwa kila siku 13 alizofanya kazi au alizostahili kufanya kazi. Kipimo hicho hakikuja kwa kubahatisha. Mtu wa siku sita kwa wiki hufanya kazi siku 312 kwa mwaka, na 312 ukigawanya kwa 13 unapata 24, yaani siku zile zile za kazi zilizomo katika likizo ya siku 28. Kwa hiyo wa msimu hapewi upendeleo wowote. Anapewa fungu lake la kile anachopewa mwenzake wa mwaka mzima.

Mfano wa mashine ya mpunga

Chukua mfano wa mwenye mashine ya kukoboa mpunga Ubaruku, wilayani Mbarali. Ameajiri kijana wa kuendesha mashine kwa msimu mmoja, kwa Sh12,000 kwa siku. Msimu unakwisha, kijana analipwa ujira wake wa mwisho, naye anauliza: "Mzee, na zile siku zangu za likizo?"

"Likizo gani tena, kijana wangu? Wewe si wa msimu tu?"

Jibu hilo moja laweza kuwa mwanzo wa safari ndefu. Kijana anadai alifanya kazi siku 104, ambazo zikigawanywa kwa 13 ni siku nane, sawa na Sh96,000. Mwenye mashine, akishaambiwa kuwa sheria inamtambua hata wa msimu, anakubali siku 78 tu. Anasema mashine iliharibika na kusimama siku 26, na siku hizo hapakuwa na kazi. Kwa hesabu yake ni siku sita, yaani Sh72,000.

Ukiutazama kwa utulivu, mgogoro wenyewe si wa Sh96,000. Sehemu ya Sh72,000 haina ubishi. Kinachobishaniwa ni Sh24,000, na jibu lake linategemea swali moja: katika siku zile 26, kijana aliambiwa akae hapo asubiri fundi, au aliruhusiwa aende zake? Kama aliwekwa asubiri, ana hoja kwamba siku hizo alistahili kufanya kazi. Kama aliruhusiwa aondoke kwa makubaliano, hoja ya mwenye mashine ina nguvu.

Sasa linganisha na gharama ya kugombana. Tuseme mashine hiyo hukoboa magunia 40 kwa siku kwa Sh4,000 kila gunia. Hayo ni mapato ya Sh160,000, na baada ya kutoa umeme, ujira na matengenezo mwenye mashine anabaki na nusu yake, Sh80,000. Akifunga kazi siku mbili kwenda Mbeya mjini kujibu shauri, amepoteza Sh160,000 kabla ya nauli na chakula. Wakili hajatajwa bado.

Kijana naye akienda Mbeya mara tatu, akalipa nauli, akala njiani na kukosa kibarua siku hizo, sehemu kubwa ya Sh96,000 itakuwa imeishia barabarani. Kila mmoja atasema anapigania haki, lakini kiuchumi wote wawili wanamlipa mtu wa tatu: mwenye basi, mwenye hoteli na mwenye ofisi ya uwakili.

Njia ilivyo

Tangu mfumo wa sasa uanze kutumika mwaka 2007, mgogoro wa kazi hupelekwa kwanza kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayojulikana kwa kifupi cha CMA. Tume hiyo iliundwa kwa Sheria ya Taasisi za Kazi, Namba 7 ya mwaka 2004. Kabla ya hapo, chini ya Sheria ya Usalama wa Ajira ya mwaka 1964, migogoro ya nidhamu na kufukuzwa kazi ilipita kwenye mabaraza ya usuluhishi na iliweza kufika hadi kwa Waziri.

Mlalamikaji huanza kwa kujaza Fomu Namba 1 ya Tume, kuisaini, na kumpa nakala mlalamikiwa. Ni vizuri awe na uthibitisho kwamba nakala hiyo ilipokewa, kwa sababu suala hilo huulizwa mwanzoni kabisa. Baada ya hapo Tume humteua msuluhishi na kupanga tarehe na mahali pa kukutana.

Msuluhishi si hakimu. Kazi yake ni kuwasikiliza wote wawili, pamoja au mmoja mmoja, na kuwasaidia wafikie makubaliano yao wenyewe. Kila upande unaweza kuja na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi au cha waajiri, wakili, au mtu mwingine uliyemchagua. Wafanyakazi wa mashambani, kwa mfano, wana chama chao cha TPAWU, na wa biashara na viwanda wana TUICO.

Muda wa usuluhishi ni siku 30 tangu shauri lilipopelekwa, isipokuwa pande zote zikikubaliana kwa maandishi kuuongeza. Wakipatana, makubaliano huandikwa na kusainiwa, nayo yanawafunga wote wawili. Wasipopatana, shauri huenda kwenye uamuzi, ambako sasa mtu mwingine ndiye atakayeamua. Asiyeridhika na uamuzi huo ana wiki sita za kuomba mapitio Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, na baada ya hapo rufaa ya hoja za kisheria huenda Mahakama ya Rufani.

Ngazi ni nyingi, na kila ngazi ina nauli yake.

Makosa matatu ya gharama

Kosa la kwanza ni la wafanyakazi, nalo ni kuchelewa. Kwa mujibu wa kanuni za mwaka 2007, mgogoro wa kuachishwa kazi hupelekwa ndani ya siku 30, na migogoro mingine, ukiwamo wa likizo, ndani ya siku 60 tangu ulipozuka. Aliyechelewa hana budi kuomba kwanza aongezewe muda kwa Fomu Namba 2, akieleza sababu za msingi. "Nilikuwa nasubiri bosi atimize ahadi" ni sababu inayosikika mara nyingi, lakini si lazima ikubaliwe.

Tena, aliyekaa miaka mingi bila kuchukua likizo hadi muda uliowekwa na sheria ukapita anaweza kukuta siku hizo hazilipwi anapoacha kazi. Wahenga walisema subira yavuta heri, lakini kwenye madai ya likizo subira isiyo na maandishi huvuta hasara.

Kosa la pili ni la waajiri, nalo ni kupuuza wito. Wapo wanaodhani kwamba wasipotokea, shauri litakufa lenyewe. Sheria inasema mlalamikaji asipofika, msuluhishi anaweza kulifuta shauri, lakini mlalamikiwa asipofika, msuluhishi anaweza kuliamua bila yeye. Anayetaka kulifungua tena atatakiwa kueleza kwa nini hakufika. Kukaa nyumbani ni sawa na kumwachia mwenzako aandike hesabu peke yake.

Kosa la tatu ndilo kubwa kuliko yote: hasira. Mwenye duka anaombwa likizo mara ya tatu, anakasirika na kumwambia msaidizi wake aondoke asirudi. Kwa tamko hilo, mgogoro wa siku chache za likizo umegeuka kuwa wa kuachishwa kazi. Kumwondoa mtu kwa sababu amedai haki yake ya kisheria si sababu halali, na fidia yake haihesabiwi kwa siku bali kwa miezi ya mshahara. Sheria ya mwaka 2004 ilipotungwa iliiweka isiyopungua mishahara ya miezi 12. Deni la laki moja limezaa deni la milioni.

Suluhu na njaa

Pamoja na manufaa hayo, haitakuwa haki kuusifia usuluhishi bila kutaja udhaifu wake. Watu wawili wanaokaa mbele ya msuluhishi hawana nguvu sawa. Mmoja anaweza kusubiri miezi mitatu, mwingine hajui watoto watakula nini Ijumaa.

Katika hali hiyo, mfanyakazi anayedai Sh96,000 anaweza kukubali Sh40,000 ili tu arudi nyumbani na kitu. Karatasi itasainiwa na kuandikwa kwamba wamepatana, lakini hiyo ni bei ya njaa. Mwajiri anayeshangilia "ushindi" wa namna hiyo naye ajue kwamba msimu ujao atatafuta mwendesha mashine mwingine, na habari zitakuwa zimeenea kijijini.

Kinga dhidi ya hali hiyo ni kutenganisha mambo mawili. Yapo yanayofaa kujadiliwa: tarehe ya kulipa, awamu za malipo, na zile siku ambazo kwa kweli zina ubishi. Lipo lisilofaa kujadiliwa: kama haki yenyewe ipo au haipo. Kwa mfano wa Ubaruku, mazungumzo ya haki yangeanzia Sh72,000 kwenda juu, si Sh96,000 kwenda chini.

Na hapo ndipo umuhimu wa daftari unapoonekana. Sheria inamtaka mwajiri kumpa mfanyakazi maelezo ya ajira kwa maandishi. Shauri likifika mbele na mwajiri akashindwa kuonyesha mkataba au maelezo hayo, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha sharti linalodaiwa unakuwa wake. Asiye na karatasi ndiye anayetakiwa kuthibitisha. Waajiri wadogo wengi hawalijui jambo hili hadi wanapokuwa mbele ya msuluhishi.

Daftari la kutosha halihitaji kompyuta. Kurasa chache zenye jina, tarehe ya kuanza, ujira, siku zilizofanyiwa kazi, siku ambazo kazi ilisimama na sababu zake, siku za ugonjwa na siku za likizo, pamoja na saini za wote wawili kila mwisho wa mwezi, zinatosha. Mfanyakazi naye anunue daftari lake la mia chache na kuandika hayo hayo. Siku ya kusuluhishwa, madaftari mawili yanayofanana hayana haja ya shahidi.

Likizo ifuate kalenda ya shamba

Iko hatua nyingine inayoweza kuzuia mgogoro kabla haujazaliwa. Kwa kuwa mwajiri ndiye anayepanga tarehe ndani ya muda uliowekwa, mkulima anaweza kuipanga likizo katika miezi ambayo shamba lake limepumzika. Mwenye mashine ya mpunga anajua ni miezi gani hakuna mpunga wa kukoboa. Mwenye ghala anajua ni lini ghala liko tupu.

Lakini kupanga si kuamuru. Mfanyakazi wa kijijini naye ni mkulima, na likizo ya mwezi ambao hana cha kulima wala kuvuna ina thamani ndogo kwake. Penye wafanyakazi watano, wawili wanaweza kwenda kulima mwanzo wa mvua na watatu wakati wa palizi, mwaka unaofuata wakabadilishana. Ratiba ya namna hiyo, iliyobandikwa ukutani mwezi wa kwanza wa mwaka, haigharimu chochote.

Mgogoro ukizuka hata hivyo, hatua ya kwanza ni barua fupi kwa mwajiri yenye tarehe, ikitaja siku zinazodaiwa na jinsi zilivyohesabiwa. Mwajiri ajibu kwa maandishi, alipe sehemu isiyo na ubishi, na kueleza anachokataa. Mzee wa jirani au kiongozi wa mtaa anayeheshimiwa na wote wawili anaweza kusaidia hapo, mradi siku 60 zisipite watu wakiwa bado kwenye mkeka. Zikikaribia, Fomu Namba 1 ijazwe. Kuijaza si kutangaza vita, na mazungumzo yanaweza kuendelea hata baada ya hapo.

Ikumbukwe kwamba maelezo haya ni ya Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria zake za ajira na mahusiano ya kazi za mwaka 2005, na mwenye biashara pande zote mbili za bahari azingatie sheria ya mahali wafanyakazi wake walipo.

Kijana wa Ubaruku na mwenye mashine yake ni watu wa mfano tu, lakini hesabu yao ni ya kweli kwa wengi. Kati yao palikuwa na ufa wa Sh24,000, ambao kurasa mbili za daftari na saa moja ya mazungumzo zingetosha kuuziba. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika mambo ya kazi ukuta huo hujengwa kwa faida ya mwajiri na ujira wa mfanyakazi.